Chumvi Isiyozidi Machozi

Malindi, Jumanne, Aprili 1986

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi kama wageni wa arusi wanaongojea pilau: hayaondoki, wala hayafanyi lolote, na sisi tulio chini jasho linatutiririka. Siku kama hii, nikishauza mbaazi na mahamri yangu, hujilaza mkekani nikajipepea na kuulaumu mwezi wa Aprili. Leo mwili haulali. Nimekaa, nimesimama, nimezunguka ua, nimerudi papa hapa. Nina jambo, na nikilinyamazia nitapasuka.

Nianze na wiki iliyopita, nisije nikaruka.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Zainabu kliniki ya akina mama na watoto pale hospitalini. Zainabu ni binti wa jirani yangu Bi Mwanaisha, na Twalib, mwanawe wa miezi kumi, ndiye uzazi wake wa kwanza. Bado anaona haya kuuliza. Mimi haya sina. Shule niliiacha darasa la tatu, na yaliyobaki nimejisomea kwenye magazeti ninayofungia mahamri, kwa hiyo elimu yangu ni pana, ila ina mafuta na kurasa za mwisho hazipo.

Kabla watoto hawajapimwa uzito, muuguzi, Sista Kadzo, alitukalisha kwenye mabenchi akatusomesha. Ni mtu wa Ganda, hapa jirani, mwembamba, hacheki ovyo. Alisema mtoto anayeharisha, kinachomuua mara nyingi ni kukaukiwa na maji. Benchi zima likaguna. Sote tumelelewa kwa neno moja: mtoto akiharisha mnyime maji, ukimpa unamzidishia. Yeye akasema ni kinyume chake, apewe, tena apewe sana, na ziwa la mama lisikatizwe. Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, si vya kurundika. Na kabla ya kutia sukari, tuonje: chumvi isizidi ile ya machozi.

Hapo benchi likaangua kicheko. Mama mmoja wa nyuma akauliza, machozi ya nani, ya mke mkubwa au ya mke mdogo?

Sista Kadzo akamtazama. "Yoyote yatakayopatikana upesi, mama," alisema, akaendelea. Akatuonya kwamba mtoto akilia bila machozi na macho yakizama, tusikae nyumbani tukipika maji. Tumlete.

Nilicheka pamoja na wenzangu. Lile la machozi nililiona pambo la mazungumzo tu, kama mtu anavyofukiza ubani wageni wakija.

Jana adhuhuri Twalib akaanza kuharisha.

Bi Mwanaisha, bibi yake, ni mkubwa wangu kwa umri na kwa sauti. Alitoa amri ile ile ya kale: maji marufuku. Zainabu akanitazama mimi. Basi nikaingia uani kwao, nikayaeleza ya Sista Kadzo kwa heshima zote, shikamoo mbili mbele na moja nyuma, mpaka mama mtu mzima akachoka. Akasema haya, tengeneza hayo maji yako, lakini yatoke kisimani kwetu.

Kisima hicho kinahitaji utangulizi. Kiko uani kwa Bi Mwanaisha. Alikichimba babu yake akakitia wakfu, na mtaa mzima tunakunywa humo. Maji yake ni matamu. Ndivyo tunavyosema tangu tulipojua kusema. Bomba lipo, pale kona ya barabara, lakini wanaolipangia foleni ni wageni. Mgeni wetu mkubwa ni Mama Mueni, Mkamba wa Kitui, aliyepanga chumba kwangu. Mumewe ni mpishi katika hoteli moja ya ufuoni. Tangu ahamie hapa hajalitia tone la kisima mdomoni. Kila asubuhi huenda na debe lake bombani, nasi humwita Mama Bomba, na anajua kwamba tunamwita hivyo.

Nikateka maji ya kisima. Nikayachemsha. Mimi nikiambiwa jambo lifanywe sipendi kulifanya nusunusu, basi niliyachemsha mpaka yakapungua sana, nikaongeza mengine, nikachemsha tena. Nikapima sukari, nikapima chumvi, nikaonja, nikatangaza kwamba ni sawasawa kabisa. Ulimi huu ndio unaonilisha. Nani angebisha?

Twalib alibisha.

Alikunywa kidogo akageuza uso. Akanywa tena, akatapika. Tukampa kwa kijiko, akawa na kiu zaidi kuliko mwanzo. Leo asubuhi nilipopita kwao na sinia la mahamri, nilimkuta amelegea pajani kwa mama yake kama kanga iliyofuliwa, midomo imekauka. Bi Mwanaisha hakunigombeza. Alisema tu, "Rukia, ndiyo hayo maji yako."

Laiti angenigombeza.

Nikiwa nimesimama hapo na sinia langu, Mama Mueni akanifuata kununua mahamri. Akamwona mtoto. Akakichukua kikombe bila kuomba ruhusa, akaonja, akatema shinani pa mpapai.

"Hii ni bahari mnapea mtoto," alisema.

Bi Mwanaisha akamuuliza kwa upole, ule upole wake unaotangulia moto, kama kisima cha marehemu babu yake sasa kimekuwa bahari. Mama Mueni hakurudi nyuma. Alisema tangu ahamie hapa anatuambia hii maji iko na chumvi, na sisi kazi yetu ni kumtafutia majina.

Nikaonja tena. Wallahi sikusikia chumvi. Yalikuwa maji, maji yetu, na sukari juu yake. Nikaonja mara nyingine. Ilikuwa wazi kwamba mmoja wetu ana ulimi mbovu, na anayeuza chakula hapa mtaani ni mimi.

Ndipo nikayakumbuka machozi.

Sijui niandikeje jinsi moyo ulivyonidunda. Lile neno la Sista Kadzo halikuwa ubani. Lilikuwa mizani! Ulimi unazoea, ukilelewa na kisima, kisima kitakudanganya mpaka uzeeni. Lakini machozi kila mtu anayo yake, ya Kitui na ya Malindi, na hayajui maji ya nani ni matamu.

Nikakimbilia jikoni kwao, nikachukua kitunguu, nikakikata, nikakisogeza machoni yanitoke machozi. Hola. Nikakiponda. Hola. Nimekata vitunguu vya mbaazi miaka mingi mno, macho yangu hayashtuki tena. Bi Mwanaisha akauliza kama nimerukwa na akili au nimeona huu ndio wakati wa kachumbari.

Nikageuka, na hapo nikamwona Zainabu.

Alikuwa analia. Alikuwa analia muda wote, kimya, kidevu juu ya kichwa cha mwanawe, na sisi watu wazima watatu tuliokuwa tunagombania kisima hatukuwa tumemtazama.

Nikamwendea nikafuta chozi lake kwa kidole, nikalionja. Kisha nikaonja kikombe. Chozi, kikombe.

Kikombe kilizidi chumvi, na humo mlikuwa na sukari ya kuisitiri.

Zainabu akainua uso. "Bi Rukia," alisema, "mimi ninayo. Yeye hana."

Akamgeuza mtoto tumwone. Twalib alikuwa analia, mdomo wazi, sauti nyembamba kama ya paka mchanga, na mashavu yake makavu.

Hakuna aliyebishana tena. Mama Mueni alikuwa na birika la maji ya bomba chumbani kwake, yamechemka na kupoa, akalileta. Tukapima upya, tukaonja kabla ya kutia sukari, safari hii wote, na Zainabu akatoa chozi la kulinganishia bila kuombwa. Tukatoka kwa miguu, Zainabu na mtoto, mimi na kikombe, Mama Mueni na birika, tunampa kijiko kwa kijiko njiani hadi hospitalini. Watu walitutazama. Mimi hutazama watu kila siku, basi na wao walikuwa na haki yao.

Sista Kadzo alimfinya Twalib ngozi ya tumbo, akaitazama inavyorudi polepole, akamwita daktari. Daktari akasema amekaukiwa, lakini bado anaweza kunywa, basi anywe, na wao watakuwa wanamwangalia. Tukakalishwa kwenye mkeka pembeni, wakakoroga dawa ya pakiti, Zainabu akashika kijiko. Akitapika tunangoja kidogo, tunaanza tena polepole.

Kisha Sista Kadzo akaniuliza nilitumia maji gani. Nikamweleza yote, hata kitunguu.

Alicheka! Sista Kadzo. Nina mashahidi.

Halafu akachutama karibu nami akanieleza, na hiki ndicho kinachoninyima usingizi. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi haiendi popote. Maji yakipungua, yanayobaki yanazidi ukali. Na ile sukari, nusu ya mtaa wanadhani ni ya kumbembeleza mtoto anywe, kumbe ina kazi. Ndani ya utumbo, sukari na chumvi zinaingia mwilini pamoja, kwa kushikana, na maji yanazifuata. Zikiwa kwa kipimo, hata tumbo linaloharisha linapokea. Chumvi ikizidi, mambo yanageuka: inayavuta maji ya mwilini yatoke.

Nikamwambia hilo nalijua. Kila mtu wa hapa analijua. Samaki tukitaka kumfanya ng'onda tunampaka chumvi, anatoa maji yote, anakauka. Nimetengeneza ng'onda maisha yangu yote, na jana sikuona nilichokuwa namfanyia Twalib.

Sista Kadzo akasema nimemleta mtoto mapema, na kwamba kuanzia sasa atakuwa anawauliza akina mama maji yao yanatoka wapi kabla hajawaambia kuhusu kijiko.

Mapema alasiri Bi Mwanaisha akawasili kwa buibui lake, amebeba uji ambao hakuna aliyeuagiza. Akakaa mkekani. Mtoto alikuwa amekwisha kojoa, jambo ambalo Mama Mueni alilitangaza kwa wodi nzima. Macho yamerudi mahali pake. Sista Kadzo akaja kumfinya tena tumbo, na Twalib, ambaye kwa leo alikuwa amechoshwa na kufinywa, akakunja uso, akavuta pumzi, akalia kwa sauti ya baba yake.

Tone moja likateremka shavuni.

Bi Mwanaisha akalipokea kwa kidole, akalionja, akafumba macho.

"Chumvi," alisema, kama mtu aliyeonja halua.

Tumeruhusiwa kurudi naye nyumbani, pamoja na pakiti na maagizo: kikombe kila anapoharisha, ziwa kila anapolitaka, na akilegea tena au akitapika kila kitu tusingoje asubuhi.

Bi Mwanaisha hajamwomba Mama Mueni radhi, wala hatamwomba, hakuumbwa hivyo. Lakini nilipokuwa nafagia ua jioni, nimeona debe lake tupu limeletwa mlangoni kwa mpangaji wangu, na ujumbe kwamba ati analishuku linavuja, Mama Mueni amjaribie pale bombani. Mama Mueni amelijaribu. Halivuji. Limerudi limejaa mpaka juu, na mimi nimefagia sehemu moja mara tatu ili nisikose kitu.

Nami nimepika chai ya maji ya bomba, kwa mara ya kwanza. Nimeionja kwa makini. Haina ladha yoyote. Nimetia tangawizi ya kutosha siku mbili ndipo nikaimeza. Nadhani itabidi ulimi wangu uanze shule upya, darasa la kwanza, na safari hii usiache njiani.

Magharibi imepita. Ng'ambo ya ukuta Twalib analia, kwa sababu zake mwenyewe, kwa mapafu yote. Siku nyingine mtaa ungekwisha piga kelele kwamba mtoto abembelezwe watu wapumzike. Leo hakuna anayembembeleza. Tumenyamaza, kila mtu mlangoni kwake, tunamsikiliza.

Na kesho alie tena, inshallah.