Picha Zinazoishia Magotini

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama, na miguu ya Mama haimsumbui sana. Mimi sijambo, kazi dukani kwa baba mkwe inakwenda, na baridi ya huku nimeshaizoea.

Harusi ni mwezi wa sita na Mama lazima aje. Ila kuna jambo moja. Sebuleni kwa wakwe nimetundika ile picha ya Baba na Mama: Baba na kofia yake ya pama na fimbo, Mama na kofia ya manyoya na glavu. Kila mgeni akiingia husimama hapo. Mama mkwe aliniuliza kama walikuwa wanakwenda karamuni. Nikamwambia hapana, kwetu hayo ndiyo mavazi ya kila siku. Basi naomba Mama aje amevaa hivyo hivyo. Ile kofia iko wapi siku hizi? Tafadhali asije na yale makubazi ya mpira na kitambaa kichwani kama mtu anayetoka kuchota maji. Hawa ni watu wa kumtazama mtu juu mpaka chini. Msiniaibishe.

Mdogo wako

20 Februari

Kwako Bwana Mavazi ya Kila Siku,

Marahaba. Sisi wazima. Miguu ya Mama imevimba kama kawaida, na asubuhi hii imesimama juu ya hayo hayo makubazi ya mpira, mwenyewe anafua mashuka ya watu. Ndiyo mashuka yaliyokusomesha, ikiwa umesahau.

Kofia unaitaka? Kamwulize mke wa daktari wa meno, ilikuwa yake. Glavu zilikuwa za mke wa meneja wa benki. Koti na pama la Baba vilikuwa vya hakimu, na fimbo ilikuwa ya mpiga picha. Wewe ulipopata akili Baba alikuwa kaburini, ukatazama picha ukadhani nguo hizo zamani tulikuwa nazo, kisha zikaisha. Hatujawahi kuwa nazo, kitindamimba wetu. Baba alikuwa dobi. Kila mwaka alichagua Jumamosi moja ya kurudisha nguo za wateja, tukapitia studio na mafurushi kichwani. Yeye akavaa za huyu, Mama akavaa za yule, mimi nikavalishwa gauni la mtoto wa watu lililobanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia. Tukapigwa picha, tukavua haraka, Baba akakunja upya, tukapeleka. Hujajiuliza kwa nini picha zetu zote zinaishia magotini? Watu hawapeleki viatu kwa dobi, ewe msomi. Chini tulikuwa peku.

Na tulicheka mpaka mpiga picha akatugombeza. Baba alimwambia Mama, "Mke wa daktari, jino gani leo?" Mama akainua pua juu asijibu. Kwao ulikuwa mchezo. Wewe umeufanya ukoo.

Lakini Mama amefurahi, usiniulize kwa nini. Ameshonesha gauni la maua na mtaa mzima umeshaambiwa. Atakuja na kitambaa chake kichwani. Makubazi nitayasugua mwenyewe yang'ae, na asiyependa huko kwenu afumbe macho.

Dada yako, binti wa dobi

9 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Naomba usikasirike mpaka umalize kusoma.

Ningewaambia nini wakwe? Picha iko ukutani mwaka mzima, wanaisifia hata kwa majirani. Basi nikasema Mama anaumwa, hawezi kusafiri. Nikadhani yameisha. Kumbe hawa watu wana huruma ya kupindukia! Baba mkwe akasema harusi isogezwe mbele, akaanza kuulizia tiketi za treni, eti familia nzima ije kumwona hospitali. Unaona nilivyobanwa? Waje wakute nini, kamba za mashuka? Jumapili nikawaambia nimeletewa habari, Mama ametutoka. Baba mkwe amelia sana. Amefunga duka, amenipa likizo ya msiba, na picha imewekewa maua. Wageni walikuja wengi, chakula kilikuwa kingi. Harusi iko pale pale.

Ni maneno tu, Dada. Maneno hayaui mtu. Nyumbani Mama yu hai, anakula, anafua, hakuna aliyepungukiwa kitu.

Mdogo wako

Tafadhali usimsomee Mama. Mwambie harusi imeahirishwa.

27 Aprili

Wewe,

Shikamoo yako kaa nayo.

Hata uongo hujui kuupanga. "Usimsomee Mama" ungeanza nayo, mjinga wewe, siyo kuibandika chini kabisa baada ya jina lako. Tangu macho yake yapungue barua zako zote namsomea neno kwa neno. Anajikausha mikono kwanza, anakaa, ananiambia "haya". Nilifika kwenye "Mama ametutoka" kabla sijatambua ninachosoma. Nikaishusha karatasi. Akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho. Akauliza, "Alisema wageni walikuwa wengi, eeh?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nimezikwa vizuri." Akaenda kuanua nguo, na siku ile hakula.

Majirani wakimwuliza safari lini, anawajibu mwanangu ana kazi nyingi, tusimsumbue. Anakufichia aibu, wewe uliyemzika! Mimi ningewasomea barua yako barabarani.

Wanaowaonea haya wazazi wao ni wengi, hukuanza wewe. Lakini wenzako humficha mama uani wageni wakija, basi. Wewe umemwua kwa ajili ya kofia ya mke wa daktari wa meno! Nimetafuta neno la upole la kukuandikia nimelikosa. Nakudharau, na inaniuma, kwa sababu nilikubeba mgongoni mimi.

Oa. Lakini ukitaka kuwa na mama tena, panda treni uje umwombe radhi. Hata mimi najua atakusamehe kabla hujafika kizingitini, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Dada yako, kwa kuwa hakuna namna

15 Novemba

Mdogo wangu,

Mama amefariki alfajiri ya leo. Safari hii ni kweli. Ni moyo. Hakuumwa muda mrefu.

Tangu Aprili hukuandika hata mstari. Kila tarishi alipopita aliniuliza, "Hakuna kitu?" Nami nikawa nasingizia posta. Jana aliuliza pia.

Barua hii nimempa kondakta wa basi akukabidhi mkononi. Mazishi tumeyasogeza mpaka Jumapili ili ufike. Ninayokudai ni mengi, ila siyo leo. Waambie wakwe zako lolote, kipaji hicho unacho. Njoo tu.

Dada

17 Novemba

Dada,

Kondakta alinikuta dukani, na kesho anarudi na barua hii. Nilisoma nimesimama pale pale kaunta, nikalia mbele ya wateja kabla sijapata la kusema. Baba mkwe akaniuliza amefariki nani. Nikasema shangazi. Ulimi ulisema wenyewe.

Niliomba ruhusa nije. Akaniambia mwaka huu duka limeshafungwa mara moja kwa msiba wangu, na kwa shangazi mtu hutuma rambirambi. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Mke wangu alikuwa amesimama pale, mjamzito, ananifuta machozi, anasema pole kwa shangazi. Nikaufunga.

Jioni tulipokuwa mezani baba mkwe aliweka kijiko chini. Akasema, "Mama yako alipofariki sikuona chozi lako hata moja. Huyu shangazi alikuwa nani kwako?"

Nimeinuka mezani, nimekuja kukuandikia wewe, Dada. Mzikeni. Msinisubiri.

Mdogo wako