Jina la Mshumaa wa Tatu

Jumatatu, 7 Julai

Nta imezama tena katikati. Glasi sita. Nimemimina ikiwa ya moto mno, kosa lile lile la wiki iliyopita. Nimechokonoa kwa kijiti, nikamimina tabaka la pili juu yake. Ukiwa mbali huoni kitu.

Dada Joyce, mteja wangu, amepiga simu kutoka Mtwara. Anafungua duka jipya la zawadi mwisho wa mwezi na anataka mishumaa yangu ya kunukia, aina tatu. Ila anataka majina. Si "mchaichai", si "udi". Anasema harufu mtu anaipata akishafungua mfuniko, jina analipata kabla hajashika glasi. Kasema kweli. Nimemchukia kidogo kwa kusema kweli.

Mawili ninayo. Wa mchaichai: Chini ya Jabali, kwa ajili ya mawe haya ya Masasi yanayotutazama mchana kutwa. Wa udi na karafuu: Mgeni Karibu. Wa tatu sina. Baba Nuru ameshauri niite Namba Moja, Namba Mbili, Namba Tatu, kama vyumba vya gesti. Mwalimu wa hesabu huyo. Nimemwambia akasahihishe madaftari yake.

Jumatano, 9 Julai

Wa tatu ndio ninaoupenda. Mrehani, liwa, na utamu kidogo kama wa maua ya mikorosho asubuhi, kabla watu hawajaanza kupuliza salfa. Ni harufu aliyonipaka Mama Mkubwa siku nilipotoka unyagoni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa amekwisha kufariki, na huyu dada yake ndiye aliyenilea kwake Newala, akanitafutia somo wa kunifunda, akanicheza unyago. Alinipaka shingoni na nyuma ya masikio kwa kidole kimoja, bila haraka. Mwaka jana nilimwomba anifundishe kuchanganya. Akanifundisha huku akicheka, eti nataka kumchoma mwali.

Majina niliyofuta leo: Pumzi ya Newala. Mwali. Penzi la Korosho. Hili la mwisho linafaa bendi ya harusi.

Nimechoka. Joyce anataka jibu Ijumaa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimelipata. Sikudhani.

Limenijia nikiwa nafua. Nimeliandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye glasi na kurudi nyuma hatua tatu kuitazama. Limekaa. Joyce amelipenda hata kabla sijamaliza kulitamka. Anautaka mshumaa wa tatu uwe ndio wa mbele dukani, katoni zake ziwe nyingi kuliko za mingine miwili ukijumlisha.

Sikumwambia nimelitoa wapi. Hapa naweza kuandika. Ni jina la Mama Mkubwa la utotoni. Nililisikia siku moja tu. Bibi alikuwa anaumwa, mwisho wake, akili imerudi miaka ya zamani, akamwita mwanawe hivyo mbele yetu. Mama Mkubwa, mtu mwenye wajukuu, akaitika. Kisha akatoka akakaa uani peke yake. Hakuna aliyelitaja tena.

Kwetu jina la utotoni linaachwa unyagoni. Unatoka na jingine. Atakayekuita lile la kwanza amekuita mtoto, mtu asiyechezwa, na watu wameshikana mashati kwa hilo. Najua. Nani kwetu asiyejua? Lakini mshumaa si mtu, na mimi simwiti mtu. Namtukuza. Basi, nimeamua.

Jumamosi, 12 Julai

Lebo zimetoka. Nimezichapisha steshenari ya hapa Mkomaindo, karatasi ya kaki, herufi nyeusi. Binti yangu Nuru amenisaidia kubandika, ulimi nje kama anafanya mtihani. Ana miaka kumi na mmoja na anabandika kwa kunyoosha kuliko mimi. Nimepiga picha na kuiweka status. Pongezi zimemiminika mpaka jioni. Nimefurahi kijinga.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeyeyusha nta siku nzima. Macho yanawasha.

Mama Mkubwa hapokei simu. Mara tatu. Labda yuko kwenye foleni ya maji.

Jumanne, 15 Julai

Bado hapokei. Foleni gani ya siku mbili?

Baadaye.

Amenipigia Mama Issa, jirani yake. Hakunisalimu hata habari za watoto. "Mama Nuru, wewe umefanya nini?"

Ilikuwa Jumapili, kioski cha maji. Maji yalikuwa hayajatoka tangu Alhamisi, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa pale na ndoo zake. Binti mmoja wa sekondari anachezea simu, akaona picha yangu, akasoma lebo kwa sauti. Neno moja tu, hakujua chochote. Na Mama Mkubwa, aliyekuwa amesimama mbele yake mawazo yakiwa mbali, akageuka.

Akageuka kama anayeitwa.

Wapo wanawake pale waliochezwa naye msimu mmoja. Waliona. Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Mwingine akalirudia lile jina kumuuliza mwenzake kama amesikia vizuri. Mama Mkubwa aliacha ndoo zake kwenye mstari akaenda nyumbani bila maji. Tangu hapo hatoki.

Nimefuta picha kwenye simu, status ilishajifuta yenyewe. Imesaidia nini?

Jumatano, 16 Julai

Katoni mbili zimejaa. Nimefanya kazi kwa sababu sijui kitu kingine cha kufanya.

Baba Nuru anasema niombe radhi, halafu niuze. Anavyosema utadhani ni vitu viwili vinavyokaa mfuko mmoja.

Joyce ametuma picha ya bango la duka lake. Jina lile, herufi kubwa, rangi ya dhahabu. Lori la mzigo linapita Masasi Ijumaa ijayo. Nilitaka kumwambia. Nimemjibu "zuri sana". Mwoga.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempigia Mama Issa, nikamwomba apeleke simu yake kwa Mama Mkubwa. Nilisikia ndala zake, nikasikia mlango, nikasikia hodi. Kisha manong'ono marefu. Mama Issa akarudi hewani peke yake.

"Anasema kama jina la utotoni ni tamu hivyo, andika lako."

Akakata.

Ijumaa, 18 Julai

Nimejaribu.

Nuru kaenda shule, Baba Nuru kaenda shule, nimefunga mlango. Nimechukua karatasi ya lebo na kalamu ile nyeusi. Jina langu la kwanza, nililoliacha nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikaandika herufi mbili. Mkono ukasimama. Nikamwona Joyce analisoma. Nikawaona wanawake wa gengeni wanalisoma, na mzazi mwenzangu wa pale shuleni, na fundi cherehani. Nikajiona nimesimama mbele yao nikiwa na gauni la mtoto lisilonifika magotini.

Nimechana karatasi. Vipande nimevitia kwenye jiko la mkaa na kusubiri mpaka viishe vyote. Daftari hili lina kila kitu changu, lina hata niliyomtendea wifi yangu, na hata humu siwezi kuliandika jina hilo.

Halafu nikakiri. Si kweli kwamba nilimtukuza. Nilijua. Nililitaka kwa kuwa ni zuri, na mwenye jina nilimwona ni mtu asiyeweza kunikatalia kitu. Na sikumuuliza.

Jumamosi, 19 Julai

Nimempigia Joyce kabla sijanywa chai, nisije nikapata ujanja. Nimemwambia jina linatoka. Kisha amesema bango limeshachapwa. Kisha amesema, "Mama Nuru, hilo ni neno la Kiswahili tu. Wapo kina Sikudhani kibao, hata hapa Mtwara."

Nikamwambia ni kweli, wapo. Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao na sasa siye.

Sidhani kama alinielewa. Yeye si wa huku. Amesema bila jina hilo hautaki mshumaa wa tatu, na hiyo miwili mingine atafikiria. Sauti yake imebadilika. Sina hakika kama nitamsikia tena.

Tumebandua lebo mchana kutwa, mimi na Nuru, kwa maji ya moto na kucha. Aliuliza zimekosewa nini. Nikamwambia zimekosewa. Baba Nuru akarudisha katoni stoo, na kwa mara ya kwanza hakutia utani.

Kesho Newala. Naogopa.

Jumapili, 20 Julai

Basi la saa moja. Kikapu cha lebo, zile zilizobanduliwa na zile ambazo hazijatumika, sikubakiza hata moja. Jogoo. Madumu mawili ya maji kutoka Masasi, kwa sababu ndoo zake alizoacha kioskini ni mimi niliyezifanya zibaki tupu. Konda alinitazama kama mgonjwa. Nani anapandisha maji Newala kwa basi?

Mama Mkubwa alikuwa uani, kwenye mkeka. Alikuwa na wanawake watatu: somo wangu, siku hizi macho yake hayaoni vizuri, na wawili waliochezwa pamoja na Mama Mkubwa. Walinisubiri. Mama Issa atakuwa alisema nakuja.

Nilipiga magoti kwenye mchanga. "Shikamoo, Mama."

Hakuitika.

Maisha yangu yote hajawahi kuiacha shikamoo yangu hewani. Hata nilipovunja sahani zake za harusi aliitika kwanza, kisha akanichapa. Nikabaki chini. Jogoo anahangaika kwapani. Nikasema kosa langu mbele yao wote, bila kulitaja jina.

Somo akauliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

Wale wawili wakatazamana. Mmoja wao ndiye aliyecheka kioskini, nilimtambua kwa anavyotazama chini. Mama Mkubwa alisema taratibu, bila hasira, na heri angenifokea.

"Mafuta nilikufundisha mimi. Ulikuja ukaniuliza, nikakufundisha. Hili hukuniuliza kwa kuwa ulijua ningekukatalia."

Ni hivyo hivyo.

Akanionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu. Nikamwaga lebo zote kwenye shimo la taka, somo akanipa kiberiti. Nikajua kinachofuata. Siku ile nilipotoka unyagoni, kibanda chetu kilichomwa moto nyuma yetu na vyote vya utoto ndani yake, na tulikatazwa kutazama. Mwali akigeuka amerudi mtoto. Nilikimbia siku ile nikihisi joto mgongoni, shingo imenikakamaa kwa hofu.

Karatasi ilishika upesi. Mama Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nenda. Usigeuke."

Nikaenda. Nikapita ubavuni mwa nyumba, nikapita madumu ya maji mlangoni, nikashika njia ya stendi. Harufu ya kaki inayoungua ilinifuata, na mrehani ndani yake, kwa kuwa lebo zilikuwa zimekaa na mishumaa wiki nzima. Nilikuwa nalia wazi wazi na watu wananiangalia. Nilikuwa nimefika kwenye michongoma ya jirani niliposikia sauti yake.

"Marahaba."

Sikugeuka.

Jumatano, 23 Julai

Joyce anachukua Chini ya Jabali na Mgeni Karibu. Kiasi kidogo, kuanzia. Ujumbe mfupi, bila salamu. Nimeshukuru.

Mshumaa wa tatu uko stoo, glasi zisizo na lebo. Baba Nuru ameuliza tutauitaje sasa. Nimesema hatuuiti. Anayeutaka atafungua mfuniko.

Jumapili, 3 Agosti

Nta haikuzama. Nimeiacha ipoe kidogo kabla ya kumimina, basi. Ilikuwa rahisi hivyo.

Mama Mkubwa amepiga mwenyewe asubuhi. Ameitika shikamoo yangu haraka, kama zamani. Ameuliza kikohozi cha Baba Nuru. Amesema mrehani wa msimu huu ni mkali, nipunguze, niongeze liwa. Amesema maji yametoka jana na leo. La mshumaa hakulitaja na mimi sikulitaja.

Mwishoni akasema nimpeleke Nuru likizo ya Desemba. Amekwisha kuzungumza na somo wa unyago. Nikasema sawa.

Shuleni karatasi zitabaki na jina la Nuru. Nyumbani tutaliacha. Na mimi sijui watu wataniita mama nani.

Mchana mikorosho nyuma ya nyumba ilikuwa imechanua na upepo unaleta harufu mpaka jikoni. Nimesimama mlangoni nikamwita. Nuru. Akaja mbio, mikono ina vumbi, akauliza nataka nini. Nikamwambia hakuna, arudi kucheza. Baada ya muda nikamwita tena.