Dakika Kumi za Mtaa Wetu

3 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, goti tu ndilo linalolalamika, na safari hii lina haki. Wewe hujambo, najua, maana watu wa kiyoyozi hamuumwi.

Jumanne tulikaa kona na vikapu vyetu kulingoja lori la chakula la halmashauri. Halikuja. Ijumaa akaja dereva peke yake, kwa miguu, na karatasi mkononi. Lori limeondolewa, ripoti imeonyesha mtaa wetu uko dakika kumi tu kutoka sokoni. Imetiwa sahihi na bwana mkubwa mmoja, tena picha yake ipo. Nikaitazama ile tai shingoni, nikaona aibu ya kuzaa.

Dakika kumi! Jana nimetoka jua likichomoza, nimeuzunguka uzio wa reli wote, nimekaa chini mara mbili, nimerudi adhuhuri na unga kilo mbili. Hiyo saa yako umeinunua wapi?

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi huku wazima, mkweo anakusalimu.

Mama, takwimu sikuzitoa kichwani. Karani wangu alipita nyumba thelathini na mbili, akauliza kila mtu anatumia muda gani kwenda kununua chakula. Wote walijibu dakika kumi. Fomu ya kwanza kabisa ninayo hapa mezani: "Dakika kumi, sina shida yoyote." Ni yako, Mama. Ulitaka nibishane na wewe?

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Nilidanganya. Yule binti, karani wako, alisimama mlangoni na viatu vyake vya kung'aa, anachungulia jiko langu kama anayekagua choo. Na fundi cherehani, jirani yangu, yuko pale ukutani katega masikio. Niseme mbele yao kwamba mama wa bwana mkubwa anahangaika nusu siku kutafuta unga? Nikasema kumi. Fundi naye angekubali kuonekana mzee kuliko mimi? Akasema kumi. Mtaa mzima ukawa wanariadha. Wapumbavu sisi, na kiongozi wao ni mimi.

Juzi fundi kaanguka njiani. Amerudishwa juu ya mkokoteni, nyonga imevunjika, kabichi bado kaishikilia. Nimekwenda kumwomba msamaha. Kisha nimepita nyumba kwa nyumba, na kila mtu ameandika ukweli wake. Karatasi zimo humu. Lirudisheni lori.

Lakini na wewe usijifiche nyuma ya uongo wangu. Yule binti ni mgeni, ilimbidi aulize. Wewe uliipita njia hiyo kila Jumamosi tangu una miaka tisa, unga kichwani, unarudi unalia. Fomu ulihitaji ya nini?

Mama yako

9 Mei

Shikamoo Mama,

Mpe fundi pole yangu.

Nilijua. Mkuu wangu alitaka namba ndogo, na mimi nilitaka cheo. Ripoti ikifunguliwa upya, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Karatasi zenu nimezihifadhi kabatini. Nimekuandalia chumba hapa kwetu, duka liko chini ya ngazi. Hutatembea tena.

Mwanao

14 Mei

Marahaba.

Chumba mpe karani wako. Mimi nimekuandikia habari za nyumba thelathini na mbili, wewe unanijibu kwa kitanda kimoja. Sikujua nimelea mtu mdogo kiasi hicho.

Karatasi ulizozificha tumeziandika upya. Jumatatu tunakuja nazo kwa mkuu wako, na fundi tutambeba. Nitasimama mbele ya watu wote, mzee mzima, niseme kwamba nilidanganya. Kisha nitakaa kwenye kiti, nikutazame, ningoje useme na wewe.

Mama yako