Minyoo ya Gunia la Sukuma

Jumanne jioni

Lakini Mama Otieno naye! Nilimwambia nimetia minyoo kwenye gunia la udongo tunalooteshea mboga ya sukuma, akaniletea dawa ya minyoo. Hakuna jirani mwema kama yeye mtaa huu wa Sarang'ombe mzima. "Kunywa kwanza, dada," akaniambia. "Sukuma baadaye."

Binti yangu anayefanya kazi maabara ndiye aliyeileta minyoo hiyo, midogo haionekani. Humwingia kiwavi udongoni, bakteria waliomo ndani ya minyoo humuua, na kemikali zao hufukuza hata sisimizi.

Viwavi walikuwa wakikata mashina, nami niliogopa. Gunia hilo alilipanda marehemu mume wangu, Baba Akinyi. Likifa, ni kama kumzika tena.

Leo nimefukua kiwavi mfu, mwekundu, sisimizi wakimpita kando. Mashina yamechipua.

Nikampikia Mama Otieno sukuma. Alinusa, akaonja, akamaliza sahani.

"Imeiva vizuri," akasema. "Baba Akinyi angeiunguza."

Kweli angeiunguza. Nimecheka mpaka nikalia kidogo.