Unywele Mweupe

Kaka yangu, shikamoo.

Huku maabara bado tunasaga zambarau, tukitafuta kile kinachochelewesha mwili kuchakaa. Vidole vyangu vimekuwa kama vya mwizi wa matunda.

Manyoya uliyomkwangua ng'ombe wa mama ubavuni yalifika, nimeyapima. Ni fangasi tu. Mpake dawa niliyoifunga humu, atapona.

Ila kwenye hadubini nilikuta unywele mmoja mweupe, mrefu. Msimamizi wangu akachungulia, akasema, "Sampuli imechafuka hiyo, tupa." Angejuaje kwamba mama alikuwa akikamua huku amelaza kichwa palepale ubavuni?

Nyinyi mlimzika mimi nikiwa bado njiani. Manyoya nimeyatupa, kaka. Unywele ninao.

Msalimie wifi.

Mdogo wako