Onyo Lililorudishwa

Chiredzi, 19 Februari

Kwako kaka yangu Zvidzai,

Pokea salamu zangu. Mguu unaendeleaje? Mama ameniambia umetolewa nyuzi na tayari umeanza kubishana na wauguzi, nikajua unapona. Mimi ni mzima wa mwili.

Kaka, unakumbuka Novemba, zile baruapepe za uongo zilizotumwa kwa jina la ofisi yetu ya bwawa, kwamba milango inafunguliwa? Mlikimbilia mlimani na mbuzi, maji hayakuja. Ukanipigia: "We Shupi, ofisi yenu imekuwa redio ya walevi?"

Mkuu wangu, Bwana Chakanetsa, akaniagiza nizikomeshe. Nikaweka utaratibu kwamba kila baruapepe yetu itoke na muhuri wa siri, tena kutoka kwenye mashine zilizo katika orodha yetu. Yoyote nyingine yenye jina letu ikataliwe huko iendako. Mwenzangu Ratidzo alinisihi nitazame kwanza majuma mawili kabla ya kuamuru zikataliwe, nisije nikasahau mashine. Nikamcheka: "Wewe ukipika sadza unaionja mpaka inaisha sufuriani!"

Uongo ukakoma kweli. Nikasifiwa mkutanoni, kichwa kikavimba.

Alhamisi ile ya mvua, saa nne asubuhi, mlinzi wa milango alituma onyo la kweli. Mashine yake iko peke yake kule ukutani mwa bwawa. Ndiyo niliyoisahau. Barua zote arobaini na moja zilikataliwa, yako ikiwamo.

Wewe unawaambia watu kwamba mtandao ulikatika, na Bwana Chakanetsa ameandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Mtandao haukukatika, kaka. Ni mimi.

Na hilo ningeweza kuliita kosa. Linalofuata sijui niliite nini. Saa nne na dakika kumi niliziona barua zikirudi, moja baada ya nyingine. Simu ilikuwa mezani, namba yako naijua kwa moyo. Lakini nikawaza: nikipiga watauliza kwa nini barua hazikufika, na nitaumbuka. Nikasema nitaiingiza ile mashine kwenye orodha kimya kimya, nitume upya, asijue mtu. Sikukumbuka kwamba badiliko kama hilo huchukua muda kuenea. Nikatuma, zikarudi. Nikatuma tena, zikarudi. Jasho lilinitoka huku Ratidzo akiniuliza kama nina malaria.

Nilipokupigia ilikuwa saa tano kasoro kumi. Simu yako ilipokewa na jirani yako Mhere kule bandani, akilia kwamba maji yamekuchukua mtoni pamoja na pampu ya kumwagilia.

Dakika arobaini, kaka. Kwa muda huo ungefika mlimani kwa kutembea tu.

Kesho asubuhi nitamweleza Bwana Chakanetsa yote. Naogopa kufukuzwa, naogopa polisi. Zaidi naogopa sauti yako, maana kila ukinipigia unanishukuru kwa kukutafuta kwa simu siku ile. Nimeshindwa kuzipokea tena shukrani hizo.

Nisalimie wifi na watoto. Uwaambie au usiwaambie, shauri ni lako. Ukitaka kunitukana, nipigie. Nitapokea kwenye mlio wa kwanza.

Mdogo wako,
Shupikai