Mkongojo wa Bahari

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa ukikificha kwenye simu kimekuacha. Sisi huku tunaendelea. Bibi anakula vizuri na bado anagombana na redio kama vile mtangazaji anamsikia. Mama na Baba wanakusalimu. Mimi Kobe wako ni mzima pia, ingawa najua utashangaa kuona Kobe ametoa kichwa kwenye gamba akaandika kurasa nzima.

Ahsante kwa sweta. Nalivaa kila siku, na si kwa kujionyesha, nitakueleza.

Shule nimemaliza, nangoja matokeo. Usiniulize yatakuwaje. Ili nisikae bure, rafiki yake Mama, yule mtafiti wa bahari tunayemwita Mama Mikondo, amenipokea kazini kwake. Nilidhani nitapelekwa melini. Kumbe bahari yao imo ndani ya kompyuta, kwenye chumba chenye baridi kali ambamo mashine zinanguruma bila kupumzika. Huko ndiko sweta lako linakofanya kazi. Mimi nageuza namba kuwa michoro. Naipenda kazi hii kwa sababu haitaki maneno mengi.

Wanachofanya ni kuijenga bahari nzima kwa hesabu: joto, chumvi, upepo, barafu. Wanaita modeli. Wanaiacha izunguke kwa karne nyingi za ndani ya kompyuta mpaka itulie, ndipo wanaiuliza: dunia ikizidi kupata joto, mikondo itakuwaje? Upo mkondo mmoja mkubwa unaobeba maji ya vuguvugu juu juu hadi kwenye bahari za baridi. Huko yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama na kurudi chini chini gizani. Barafu ikiyeyuka, maji yasiyo na chumvi yanamwagika hapo hapo pa kuzamia, na mkondo unaishiwa nguvu. Ukilegea, maji uliyokuwa ukiyavuta mbali yanarudi kuegemea pwani, na usawa wa bahari unapanda. Pwani mojawapo ni hii yetu.

Modeli yao ilikuwa ikisema mkondo utapungua kidogo tu. Watu wakalala usingizi. Lakini ilikuwa na kitu wanachokiita mkongojo. Zamani, modeli ilipokuwa ikienda kombo na kuachana na bahari ya kweli, walimu wao waliongeza chumvi kidogo ya kuisahihisha, hapa na pale, ili isimame wima. Wao wakairithi hivyo hivyo. Kila modeli mpya ikazaliwa na mkongojo wake, na hakuna aliyeuliza kama ni bahari iliyo imara au ni mkongojo.

Mwezi uliopita Mama Mikondo alisema, “Hebu tumnyang’anye mzee mkongojo wake, tuone.”

Kaka mmoja hapo kazini, mtani sana, wanamwita Asilimia, akajibu, “Mama, akianguka nani atamwokota? Mimi mgongo unaniuma.” Tukacheka wote.

Majibu yalipotoka nikapewa niyachore. Mstari wa nguvu za mkondo ulikwenda sawa, ukaanza kushuka, nikangoja uinuke. Haukuinuka. Asilimia akaniambia, “Kobe, umechukua faili siyo.” Nikachora upya mbele yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, hakuleta utani mwingine. Wakaanza tena kwa hali tofauti ya mwanzo, mstari ukashuka vile vile. Mama Mikondo anasema hiyo ni modeli moja tu, na hakuna anayeweza kutaja mwaka. Anasema pia kwamba mkondo ukishalala, hata joto lipungue, huenda usiamke kwa mamia ya miaka. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida huku akitafuta kalamu yake, na ndiyo maana liliniogopesha.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Mjomba, kiwanja chako cha ufukweni kimeshushiwa mawe na mchanga. Fundi anangoja neno lako achimbe msingi. Ulisema unataka nyumba ambayo wajukuu wako wataigombania, na Bibi ahamie humo kwanza. Wajukuu hao ndio watakaokuwa ndani mstari wangu ukiwa chini kabisa.

Na kuna hili. Ule ukuta wa chini wa uzio, upande wa bahari, una unyevu hadi usawa wa goti langu. Maji makuu ya mwezi mpevu sasa yanaingia kiwanjani na kutoka taratibu, bila dhoruba. Juzi nilikuta mchanga wa fundi umepungua, nikajua umeondoka nayo. Baba ameona. Mama ameona, akasema, “Mwache kaka yangu na furaha yake, mtu yuko ugenini usimtie presha.” Kwa hiyo kila ukipiga simu tunakuambia kiwanja kinapendeza. Hawana nia mbaya, wanakupenda. Ila nikiwasikia nakumbuka ile chumvi ya kuongeza.

Kile kiwanja cha juu, nyuma ya shule, mnachokicheka kwamba ni cha mbuzi, bado kipo. Ni mbali na duka na kina mawe. Ni kikavu.

Nakuomba usimpe fundi neno. Najua hujawahi kuombwa kitu na mimi.

Nisalimie mkeo mcheshi, na wanao mapacha, yule mkubwa na yule mwenye kelele. Bibi anasema mvae soksi. Mungu awalinde muingiapo na mtokapo.

Ukipiga simu, usiulize kama hatujambo, maana tutasema hatujambo. Uliza ukuta wa chini. Kisha omba upewe mimi. Safari hii nitaongea.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Kobe.